Dar mpaka Bagamoyo kwa baiskeli mara ya kwanza: jipange na kurudi, kwenda kutajipa

Naanza na aibu yangu ili tusisumbuane. Mara ya kwanza naenda Bagamoyo na baiskeli nilitoka nyumbani saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, nimekunywa chai na chapati mbili, chupa moja ya maji ya nusu lita, na matairi nimeyabonyeza kwa kidole gumba nikasema yako poa. Kwenda nilipaa. Tegeta nimeipita, Bunju nimeipita, daraja la Mpiji nimeshuka nikapanda bila hata kutweta, nikaingia Bagamoyo najiona bingwa kabisa. Nikala wali samaki, nikapiga picha Ngome Kongwe, saa saba mchana nikageuza, ndo nikagundua kumbe asubuhi yote nilikuwa nasukumwa na kusi, ule upepo wa kutoka kusini, mgongoni na sasa kusi hiyohiyo iko usoni na imeshaamka vizuri. Kerege nilifika naburuza baiskeli. Nimekaa chini ya mwembe natetemeka na jua lote lile, mama mmoja muuza madafu akaniuliza, "Mwanangu, una malaria?" Sikuwa na malaria, nilikuwa na njaa. Akanikatia dafu mbili na andazi, nikapona, lakini kurudi Dar nilirudi na basi, baiskeli juu, konda kanipiga bei ya mzigo anavyotaka mwenyewe na sikuwa na nguvu ya kubishana.

Tangu siku hiyo nimeenda tena mara nyingi na nimepeleka watu kadhaa safari yao ya kwanza, hasa baada ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Kigali mwezi wa tisa 2025, mara ya kwanza kuja Afrika, maana ghafla kila mtu kazini akataka baiskeli. Wote nawaambia kitu kimoja: Bagamoyo kufika utafika, hesabu zako zote zipigie kurudi. Chakula, maji, mwendo, saa ya kutoka, vyote pangilia ukiwa unawaza kilomita za mwisho na sio za kwanza.

Njia yenyewe

Kutoka Mwenge mpaka Tegeta ni kama kilomita 13, kutoka pale mpaka Bagamoyo mjini ni 43 na kitu, kwahiyo weka 57 hivi, na ukijumlisha kutoka kwako mpaka Mwenge unapata 60 na zaidi. Lami tupu mwanzo mwisho. Mpangilio wake ni Mwenge, Lugalo, Mbezi Beach yote ile ndefu ya Tangi Bovu na Afrikana, Mtongani, Tegeta, Boko, Bunju, unavuka Mto Mpiji ambao ndo mpaka wa Dar na Mkoa wa Pwani, halafu Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, umefika. Milima mikubwa hamna, ila kuna vimwinuko vya kushuka na kupanda kuanzia Bunju kwenda mbele, vidogo ukiviona kwa gari, kwa baiskeli kimoja kimoja kinajiandikisha kwenye mapaja.

Sehemu mbaya ni hiyo ya mwanzo, wala sio ya porini. Mwenge mpaka Bunju kuna daladala zinazochomoka na kuingia kituoni bila habari na wewe, bodaboda wanaokuja upande wako wakikutazama usoni, bajaji, na maeneo ya Wazo kuna malori ya saruji. Kanuni yangu ya daladala ni moja, ikiwa mbele yako inapunguza mwendo usijipenyeze kushoto kwake hata siku moja, maana pale kushoto ndo mlango unafunguka na abiria anaruka bila kuangalia. Subiri, au angalia nyuma vizuri uipite kulia. Na usiendeshe umejibana kabisa pembeni kwenye ukingo wa lami, kule ndo kuna mchanga, chupa zilizopasuka na vile viwaya vyembamba vya matairi ya malori yaliyopasuka, hivyo ndo vinatoboa tyubu kuliko misumari. Kaa kama mita moja ndani, endesha mstari ulionyooka, dereva akuone. Lori kubwa likikupita linakusukuma kidogo kwa upepo wake halafu linakuvuta, shika usukani kwa kutulia, usiukabe.

Halafu kuna rasta, vile vimistari vya lami vilivyoinuka, na matuta. Rasta ukiziingia na mwendo huku umekalia siti yote utajuta, inua makalio kidogo, magoti yalegee, ziache zipite chini yako.

Lini

Sisi watu wa Pwani tunao upepo wetu na una majina, hatuna haja ya kusubiri simu ituambie. Kusi inavuma kuanzia masika yanapoingia mpaka mwezi wa tisa na kuelekea wa kumi, kaskazi inashika kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu. Barabara ya Bagamoyo inaelekea kaskazini, kwahiyo hesabu ni rahisi, msimu wa kusi utasukumwa kwenda na kupigwa kurudi, msimu wa kaskazi ni kinyume. Kwa karatasi kaskazi ndo nzuri maana unateseka ukiwa mzima na unasaidiwa ukiwa umechoka, ila Januari na Februari jua la Dar silipendekezi kwa mtu anayeenda mara ya kwanza. Mi nasema nenda mwezi wa sita mpaka wa nane, kuna ubaridi kidogo, mvua imekata, halafu hiyo kusi ikwepe kwa saa. Alfajiri upepo wa baharini unakuwa bado umelala, unaanza kusikika saa tatu nne hivi na mchana ndo unakuja na hasira zote.

Kwa maana hiyo ushauri wangu kwa safari ya kwanza ni huu na wengi hawaupendi: nenda Jumamosi, lala Bagamoyo, rudi Jumapili alfajiri. Wanaona kama kulala ni kushindwa. Sasa kilomita 120 na zaidi ndani ya siku mbili ni mchezo? Kama unataka kwenda na kurudi siku moja, sawa, fanya mara ya pili, na uwe umegeuza kabla ya saa nne asubuhi.

Mazoezi ya wiki sita

Nachukulia kwamba sa hivi unaweza kuendesha kilomita 10 bila kufa. Kama huwezi anza na hizo kwanza, njoo baadae.

Wiki unahitaji siku tatu tu. Mbili fupi, dakika 40 mpaka saa nzima, moja polepole na moja uweke nguvu kidogo, labda kupanda kilima kilekile mara nne au tano. Siku ya tatu ndo ya mbali, Jumamosi au Jumapili asubuhi, na hiyo ndo unaiongeza: wiki ya kwanza 20, ya pili Mwenge mpaka Tegeta na kurudi ambayo ni 26, ya tatu 35, ya nne punguza rudi 25 mwili upumue, ya tano nenda Bunju B na kurudi, arobaini na kitu hivi. Ya sita usifanye kitu kikubwa, mizunguko miwili mifupi ya kulainisha miguu na siku moja kabla ya safari pumzika kabisa. Kuna watu wiki ya mwisho ndo wanakumbuka mazoezi, wanajipiga kilomita 50 siku ya Alhamisi, Jumamosi wanakuja na miguu mizito kama wamebeba zege. Mazoezi ya wiki hiyo hayakusaidii tena, yanakuchosha tu.

Ukiweza 45 kwa raha, 60 utazimaliza, usiogope. Mapafu hayasumbui kihivyo. Kinachosumbua ni makalio, viganja, shingo, na tumbo kuzoea kula ukiwa unaendesha, ndo maana hiyo siku ya mbali lazima uifanye na chakula chako, nguo zako na siti yako ileile utakayoenda nayo. Siku ya safari hakuna kitu kipya. Hata soksi.

Baiskeli

Baiskeli yoyote nzima inafika Bagamoyo. Kuna jamaa wanaingia mjini kila siku wametoka huko Pwani na Phoenix haina gia, nyuma amefunga magunia ya mkaa yanayomzidi urefu, kwahiyo tusidanganyane kwamba lazima upate ya mbio nyembamba. Ile ya mtumba ya Ujapani yenye gia, au ya mlimani yenye tairi za 26, inatosha sana. Kama ni ya mlimani badilisha tu tairi zenye meno makubwa uweke zenye uso laini, hilo peke yake utalisikia kama umetua mzigo.

Siti ndo kitu cha kwanza. Nusu ya watu naowaona barabarani siti zao ziko chini mno, magoti yanakuja kifuani kama wamechuchumaa. Kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukirudisha sasa ile sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo, hapo ndo penyewe. Goti likiuma mbele mara nyingi siti iko chini, likiuma nyuma iko juu. Siti iwe imelala sawa, usiielekeze pua juu wala usiibinue sana chini maana utakuwa unateleza na kujisukuma kwa mikono mpaka vidole viote ganzi.

Wiki moja kabla, sio jana yake, peleka kwa fundi. Mi fundi wangu ni mzee mmoja anakaa chini ya mti, ana miwani imefungwa na kamba, hana haraka. Nilimpelekea moja ya rafiki yangu nikamwambia, "Shikamoo mzee, tunaenda nayo Bagamoyo Jumamosi," akaizungusha ringi ya nyuma tu akasema, "Marahaba. Hii mwanangu ikifika Mapinga itakuwa nane." Yaani ringi itapinda. Kweli spoki tatu zilikuwa zimelegea. Kwahiyo mwambie fundi aangalie ringi zimenyooka, spoki zimekaza, breki zinashika mbele na nyuma, beringi hazichezi, na kama ni Phoenix aangalie kotapini, ile pini inayokaza mkono wa pedali. Cheni asikupakie grisi wala oili chafu ya gari, wanapenda sana hiyo, inakamata mchanga na mchanga wa huku kwetu unakula cheni kama msasa. Oili nyepesi, matone machache, halafu futa ya juu yote na kitambaa kikavu.

Upepo wa tairi: ubavuni mwa tairi pameandikwa PSI, mwisho wa chini na mwisho wa juu, jaza karibu na ule wa juu kama lami ndo njia yako. Kidole gumba hakipimi kitu, nimeshakwambia yaliyonikuta. Tairi laini inaongeza mzigo kilomita zote 57 na ukigonga shimo tyubu inabanwa na ringi inatoboka matundu mawili kama kaumwa na nyoka.

Vya kubeba

Tyubu mbili mpya za saizi yako, viraka, solusheni, kipande cha msasa, pampu ndogo, vyuma vya kutolea tairi na spana au allen ya kufungulia kila nati ya baiskeli yako. Hakikisha pampu inaingia kwenye valvu zako, kuna valvu nene kama za gari na kuna nyembamba, nimeshamkuta mtu Zinga ana pampu mpya kabisa na haiingii, kaiangalia tu. Na jifunze kubadilisha tyubu nyumbani, mara mbili tatu, ukiwa umekaa sebuleni na chai. Cha muhimu ambacho watu wanasahau ni kwamba kabla hujaweka tyubu mpya unapitisha vidole taratibu ndani ya tairi kuzunguka yote kutafuta kilichotoboa, maana kama mwiba au kiwaya bado kimo utatoboa na hiyo mpya ndani ya dakika tano, halafu utasema umerogwa. Kiraka nacho kina subira yake: sugua na msasa, paka solusheni nyembamba, subiri dakika kadhaa mpaka ikauke isinate kidoleni, ndo ubandike ukandamize. Ukibandika ikiwa mbichi haishiki.

Kingine ni taa nyekundu ya nyuma na nyeupe ya mbele kwa sababu unatoka giza bado lipo, kizibao cha kung'aa, kofia ngumu (hii sijadili), simu yenye chaji, pesa taslimu ndogondogo, kitambulisho. Vyote viingie kwenye kibegi cha chini ya siti au cha kwenye fremu. Begi la mgongoni liache, baada ya saa mbili mgongo utalowa na mabega yatakuchukia.

Nguo: kama unaweza pata bukta ya baiskeli ile yenye sponji, soko la mitumba la Karume zinapatikana ukichimba kwa uvumilivu. Inavaliwa bila chupi. Najua, hata mi nilishangaa, lakini mishono ya chupi ndo inayochubua. Paka mafuta mazito ya mgando sehemu zote zinazosuguana kabla hujatoka, paka kwa wingi bila aibu, na beba kidogo kwenye karatasi ya nailoni. Dada zetu wanaotaka kujistiri wanavaa hiyo bukta ndani na suruali nyepesi au dera fupi juu, tatizo linakuwa nguo kuingia kwenye cheni tu, ifunge vizuri upande wa kulia.

Tumbo

Hapa ndo nataka utulie kidogo maana hapa ndo watu wanaanguka, na mi ndo nilipoanguka.

Mwili una akiba yake ya wanga kwenye misuli na ini, na ukiendesha kwa nguvu akiba hiyo inakupeleka saa moja na nusu, mbili hivi, baada ya hapo inaisha na haikupi taarifa vizuri. Haiji kama njaa ya kawaida ya tumbo kulia. Inakuja kama kukata tamaa: miguu inazima, kijasho chembamba, mikono inatetemeka, unakasirikia watu, unaanza kujiuliza kwani nani alinituma. Ukishafika hapo kula kutakusaidia lakini utapoteza nusu saa nzima kukaa chini. Dawa ni kula kabla hujasikia hitaji, kuanzia dakika ya 40 hivi, kidogokidogo, kila nusu saa kitu. Lengo ni gramu 30 mpaka 60 za wanga kwa saa, na ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25, kwahiyo ndizi mbili kwa saa, au ndizi moja na tende nne ndogo, unapata. Tende kwangu ndo mfalme, hazipondeki, haziharibiki na jua, zinaingia mfukoni, toa kokwa nyumbani. Kashata nazo, vitumbua, mkate na asali. Karanga na mayai acha kwa baadae, zina mafuta, zinakaa tumboni. Chipsi mayai za usiku wa kuamkia safari usithubutu. Usiku ule wali au ugali wa kutosha na mboga usiyoitilia shaka, asubuhi saa kumi na nusu chai na chapati au uji mzito na ndizi, usiondoke na tumbo tupu kisa ni alfajiri.

Maji nusu lita mpaka robo tatu ya lita kwa saa, kutegemea na jasho lako. Beba chupa mbili kubwa, moja maji matupu, moja changanya ile pakiti ya chumvichumvi ya duka la dawa wanayopewa watoto wakiharisha, pakiti moja kwa lita moja kama ilivyoandikwa. Ukiona chumvi nyeupe imekauka kwenye nguo yako mgongoni basi jua umepoteza chumvi nyingi na maji matupu peke yake hayatoshi, na ukiyanywa kupitiliza bila chumvi nayo yanaleta balaa lake, kichwa kuuma na kichefuchefu. Kunywa mafunda mawili matatu kila robo saa. Bahati nzuri barabara hii haina ukame, maduka yapo Bunju, Mapinga, Kerege, na madafu utayakuta yamepangwa pembeni, dafu ni kinywaji cha baiskeli kuliko hata hizo za rangi za supermaketi.

Siku yenyewe

Mwenge saa kumi na mbili kamili asubuhi uwe umeshaanza kuzungusha. Mwezi wa saba jua linatoka saa kumi na mbili na nusu hivi, kwahiyo taa ziwake. Muda huo daladala ni chache na ndo sababu kubwa ya kuwahi, ukiipita Tegeta kabla ya saa moja kamili umeshamaliza hatari zaidi ya nusu.

Sasa mwendo. Saa ya kwanza endesha mpaka ujisikie unajionea huruma kwa kwenda polepole. Kipimo ni mdomo wako: uweze kuongea sentensi nzima na mwenzako bila kukatika pumzi. Ukianza kujibu "eeh" na "mmh" tu, punguza. Gia tumia nyepesi, miguu izunguke haraka kama mara 70 mpaka 80 kwa dakika kuliko kukandamiza gia nzito, maana gia nzito inamaliza misuli na misuli haikopesheki. Kwenye vimwinuko vya baada ya Mpiji shusha gia kabla hujaanza kupanda, sio katikati ya mlima cheni ikiwa imebanwa mpaka inalia, na usisimame kwenye pedali bila sababu. Mtu akikupita mwache, hata kama ana Phoenix, hata kama ana mkaa. Hasa kama ana mkaa, yule ni mwanajeshi.

Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa utachukua kama saa tatu na kidogo za kuendesha, na ukiweka vituo viwili, Bunju dakika kumi na Kerege robo saa, unaingia Bagamoyo saa tatu na nusu, saa nne kasoro. Vituo viwe vifupi. Ukikaa nusu saa miguu inaganda na kuiamsha ni kazi upya. Ukisimama shuka, tembea, nyoosha mgongo, jaza chupa, ondoka. Ukiwa njiani badilisha mahali pa kushika usukani kila baada ya muda, na kila dakika kumi hivi simama kwenye pedali sekunde chache damu ipite huko chini.

Mkiwa wawili watatu endesheni mstari mmoja, wa mbele anakata upepo na wa nyuma anapata ahueni kubwa sana, mnapokezana kila dakika tano. Wa mbele aonyeshe mashimo kwa mkono na kupiga kelele "shimo!" Ila usimfuate mwenzako karibu mno kama hujazoea, tairi yako ya mbele ikigusana na yake ya nyuma wewe ndo unaanguka, yeye anaendelea kupiga stori.

Kutakuwa na sehemu moja, kwa wengi ni kati ya Kerege na Zinga, utachoka kichwa kuliko miguu. Hapo kula tende, kunywa, na hesabu vitu vidogo, nguzo mpaka nguzo. Mara nyingi baada ya dakika kumi na tano inapita yenyewe. Lakini ukisikia kizunguzungu, jasho limekata ghafla na ngozi imekuwa ya moto, au kifua kinabana, hiyo sio ya kuvumilia, shuka, kivulini, jimwagie maji, mpigie mtu simu. Mabasi ya Bagamoyo na kituo cha Makumbusho Dar yanapita barabara hiyohiyo siku nzima, baiskeli inapanda, elewana bei na konda kabla haijapandishwa na sio baada.

Bagamoyo na asubuhi ya pili

Ukifika usikae chini palepale, zungusha taratibu mjini dakika kumi, pita Ngome Kongwe, teremka mpaka soko la samaki ufukweni. Ndani ya saa moja kula chakula cha kweli, wali na samaki, na unywe. Mchana nyoosha miguu, lala. Kuna watu wakifika wanapata wazimu wa utalii, wanataka kwenda magofu ya Kaole kilomita 5 nyingine na kurudi kwa baiskeli ileile, nawaambia chukua bodaboda, magofu yamekaa pale karne na karne hayaondoki leo. Pale kanisa la misheni lakini nenda ukipata nafasi, ni mjini. Ndiko akina Susi na Chuma, wasaidizi wa Livingstone yule mmisionari mpelelezi, walikofikisha mwili wake Februari 1874 baada ya miezi mingi ya kutembea kutoka huko inaitwa Zambia sa hivi. Kwa mguu. Nikiwaza hilo huwa naacha kulalamika kuhusu siti.

Jioni kagua baiskeli: bonyeza tairi, angalia kama kuna vioo vidogo vimejichomeka kwenye mpira vitoe na ncha ya kisu, futa cheni vumbi weka matone mawili ya oili, jaribu breki. Jaza chupa usiku huohuo, nunua ndizi usiku huohuo, maana saa kumi na moja hakuna duka lililo wazi.

Jumapili saa kumi na mbili kasorobo uwe barabarani. Makalio yatauma dakika ishirini za kwanza kama umekalia michongoma halafu yatazoea, paka mafuta tena kabla ya kutoka. Kipande cha Bagamoyo mpaka Mapinga kiendeshe kwa mwendo mzuri kidogo, hapo ndo upepo bado haujaamka na gari chache, huo ndo wakati wako wa kutengeneza muda. Ukifika Bunju na kusi ikaanza kukusalimia, inama kidogo, kunja viwiko, shusha gia moja, sahau kabisa kilomita ngapi kwa saa unaenda, fuata nguvu ile ile ya kuweza kuongea. Ukishindana na upepo unashindwa, ukikubali kwenda kilomita 13 kwa saa unafika. Tegeta mpaka Mwenge kuwa macho maradufu, umechoka, Jumapili watu wanatoka makanisani, daladala zimeamka zote, na ajali nyingi za uchovu zinatokea nyumbani kunanukia.

Jumatatu kushuka ngazi utashuka kama bibi, kawaida, Jumanne panda dakika ishirini tu gia nyepesi kulainisha miguu. Na baiskeli irudishe kwa mzee akaguse tena spoki za nyuma.